Nanga Haijaonekana

Chumba changu cha Bugarika kilikuwa na kuta tatu za tofali.
Wa nne ni jiwe.
Aliyejenga alifika hapo akachoka, au akaishiwa,
akaliacha liingie ndani na tumbo lake lote,
nami nikalipia miezi sita nyumba yenye mgeni asiyehama.

Miwani ya kazini nilisaini kuichukua siku ya Ijumaa.
Ukiivaa inatazama kwanza, polepole, kama fundi cherehani
anayekupima kwa macho kabla hajashika futi:
hii sakafu, ile dari, hapo mlango.
Ilipofika kwenye jiwe ikasita.
*Ukuta haujatambuliwa.* Ikarudia.
Nikasema hata mwenye nyumba hajalitambua, we panga tu.

Nikapanga.
Hesabu za wateja wa mbolea, usawa wa macho,
umbali wa mkono na kiganja, ndivyo tulivyofundishwa;
karibu zaidi ya hapo maneno yanakupumulia.
Saa juu ya ndoo ya maji.
Ramani ya visiwa nikaitandaza sakafuni,
Ukerewe chini ya meza, Ukara penye mtungi wa gesi,
nikawa naruka ziwa kila nikifuata chumvi.
Mlangoni usiweke kitu. Hiyo ni sheria ya kwanza
na ndiyo niliyoivunja: nilitundika tangi la furu,
wana rangi za khanga ambayo haijafuliwa,
wale ambao mimi nimewasikia tu, sangara alikuja akawapunguza.
Bi Shija akapita katikati yao kudai kodi.
Furu wakamwingia kifuani, wakatokea mgongoni,
naye ananiuliza, unacheka nini na deni la Machi?

Kitu kimoja sikukipanga kwa sheria.
Masalu, kaka yangu, kabla hajaenda machimboni Geita
alikuwa akilala upande wa jiwe. Lina ubaridi wa mtungi, alisema.
Aliniachia sauti, sekunde kumi na moja:
kikohozi, kisha *nimeacha elfu tano chini ya sufuria,
usile mihogo tu.*
Nikaifanya kitone cha njano, kama kiini cha yai,
nikakitafutia pa kutia nanga.
(Miwani ndivyo inavyosema. Tia nanga hapa.)
Kwenye tofali kiliteleza. Asubuhi nakikuta darini,
jioni kiko nje, juu ya bati la jirani.
Sasa, wavua dagaa wa Igombe wasio na chuma
hufunga jiwe kwenye kamba, na mtumbwi unatulia.
Nikakisukuma hadi ubavuni mwa jiwe,
pale kichwa chake kilipoacha alama ya mafuta.
Kikatulia.
Mjusi mwenye kichwa cha waridi akapita juu yake,
akainua shingo mara tatu, akaendelea na safari.

Julai nikahamia Buswelu.
Kuta nne, plasta, rangi ya maziwa.
Zikasomwa kwa pumzi moja: ukuta, ukuta, ukuta, ukuta.
Hesabu zikakaa. Saa ikakaa.
Furu wakaja bila hata hodi.
Kitone hakikuja.
*Tazama pande zote. Nanga haijaonekana.*
Nikageuka, nikageuka, kama kuku aliyefungwa mguu.
Plasta.

Sauti ninayo kwenye simu, usinionee huruma.
Naweza kuisikiliza sokoni, chooni, popote.
Hilo ndilo tatizo lake: popote.

Kule Bugarika sasa anakaa msusi, Kwandu, sijawahi kumwona.
Nadhani mchana ukipamba moto huegemea jiwe,
nywele za bandia mapajani,
na hajui kwamba vidole viwili kutoka sikioni mwake
mtu anakohoa
kisha anamkataza kula mihogo tu.

Jumamosi nitapanda, miwani ndani ya mfuko wa unga.
Nitapiga hodi.
Nitasema nilisahau sufuria.